Mradi wa Mtumishi Unasimamiwa na Nani?

Mwaka 1967 Azimio la Arusha la Tanzania lilimkataza kiongozi wa chama tawala cha TANU au wa Serikali mambo ambayo leo semina za ujasiriamali zinayahimiza. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi. Asipokee mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hapo hakuwa waziri au mbunge tu; watumishi wa ngazi za juu na za kati nao walihesabiwa, pamoja na wenzi wao. Ofisa aliyekuwa na nyumba ya pili mjini na kutegemea kodi ya mpangaji alitakiwa achague kimoja, nyumba au cheo.

Majirani wa Kenya walipita njia nyingine. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa, iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, ilipendekeza mtumishi wa umma aruhusiwe kumiliki mali na kufanya biashara huku akiendelea na kazi yake, na Serikali ikakubali. Ruhusa hiyo ilizaa matajiri wengi, na malalamiko mengi pia, kwa kuwa ofisa aliyekuwa akitoa leseni asubuhi aliweza kuwa mshindani wa mwombaji jioni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikuja kuziba sehemu ya tundu hilo: ibara ya 77 inamzuia afisa wa dola aliye kazini muda wote kushika ajira nyingine yenye malipo. Mwalimu, muuguzi na karani hawamo katika kundi hilo.

Ajabu ni kwamba nchi hizo mbili, moja ikiwa imefunga mlango na nyingine ikiwa imeufungua, zimefika mahali pamoja. Leo mwalimu wa Kisumu na mwalimu wa Singida wote wana mshahara na kitu cha pembeni, au wanakitafuta.

Upande wa Tanzania, marufuku ile ilishindwa na bei ya unga. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mshahara uliachwa nyuma mwaka hadi mwaka, na ilipofika katikati ya miaka ya 1980 ulikuwa haulishi familia hadi mwisho wa mwezi. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa muongo huo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, alikuta sehemu kubwa ya fedha za kaya za wafanyakazi ikitoka nje ya ajira: maandazi, vitambaa, ng'ombe wa maziwa, kuku, mkaa. Watu wenyewe waliita shughuli hizo miradi, na mpaka leo ndilo jina lake. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, walifuga kuku. Madaktari, ambao tangu mwaka 1977 walikuwa wamezuiwa na sheria kuendesha tiba binafsi ya faida, waliwaona wagonjwa kimyakimya.

Msimamizi wa miradi hiyo kwa kawaida hakuwa mwenye mshahara. Mume alikwenda kazini, akasaini daftari, akabaki na kitambulisho cha ajira, kitu cha thamani kubwa wakati wa operesheni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, pale wasio na kazi rasmi walipokuwa wakikamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Mke alibaki na karai la mafuta mlangoni, na fedha ya sukari na ada ikatoka kwenye karai hilo. Mshahara ulikuwa kinga. Mradi ulikuwa chakula. Chama tawala kilipolegeza masharti ya uongozi katika kikao cha Zanzibar mwezi Februari 1991, na tiba binafsi ikaruhusiwa tena mwaka huohuo, kilikuwa kinahalalisha maisha ambayo watu walikwisha kuyaishi kwa miaka kumi.

Swali la msimamizi ndilo lililobaki bila jibu tangu wakati huo. Vitabu na video za namna ya kupata kipato cha ziada huorodhesha mawazo hamsini ya biashara, kana kwamba wazo ndilo linalokosekana. Mtumishi hakosi wazo. Ana mawili ambayo muuza nyanya wa sokoni hana: mshahara unaoingia kwa tarehe inayojulikana, ambao benki inaukopesha bila kusita, na ujuzi wenye cheti. Anachokosa ni saa za mchana. Kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri yupo kwa mwajiri, na saa hizo ndizo mifugo inakula, wateja wanapita na mafundi wanaiba saruji. Kila njia ya kipato cha ziada inafaa ipimwe kwanza hapo.

Kuku wa mayai ni kipimo kizuri, kwa sababu ndio mradi ambao karibu kila ofisi ya Tanzania ina mtu aliyewahi kuujaribu. Tuchukue kuku 300, idadi inayotosha banda la uani. Kuku anayetaga hula takribani gramu 120 kwa siku, hivyo banda zima linakula kilo 36. Wakitaga kwa asilimia 80, yanapatikana mayai 240, yaani trei 8. Tuseme trei inauzwa shilingi 8,000 na kilo ya chakula inanunuliwa shilingi 1,300. Mauzo ya siku ni shilingi 64,000, chakula ni 46,800, kinabaki 17,200. Kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 500,000 kabla ya kumlipa kijana wa bandani, kununua dawa, maranda na umeme. Kwa mtumishi wa kima cha chini cha mshahara Serikalini, kilichopanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 mwezi Julai 2025, hiyo si fedha ya kudharau.

Sasa chukua banda hilohilo, kijana amelala au ameenda kutazama mpira, maji yameisha saa nne asubuhi na jua la Dodoma linawaka juu ya bati. Kuku aliyekaa na kiu husitisha kutaga haraka, na kurudi katika kiwango chake huchukua siku nyingi. Utagaji ukishuka kutoka asilimia 80 hadi 65, mayai yanakuwa 195, trei sita na nusu, na mauzo yanashuka hadi shilingi 52,000. Chakula kinabaki kilekile, au kinapungua kidogo sana. Kile kilichokuwa 17,200 kimekuwa 5,200. Zaidi ya theluthi mbili ya faida imeondoka kwa ndoo chache za maji, na hakuna kuku aliyekufa, hakuna mwizi, hakuna ugonjwa. Mwenye mradi atagundua Jumamosi, akiwa anahesabu trei.

Na hapo bado hajafika kwenye ratiba ya chanjo. Kideri siku ya saba, gumboro siku ya kumi na nne, kisha marudio, kisha ndui. Siku hizo hazingoji wikiendi. Wala kuku hawaanzi kutaga kabla ya wiki ya kumi na nane au ishirini, na kufikia hapo kila mmoja ameshakula kilo sita hadi saba. Kwa kuku 300 ni kama tani mbili za chakula, zaidi ya shilingi milioni 2 kwa bei tuliyoichukua, zilizotoka mfukoni kabla ya yai la kwanza. Wengi wanaoacha hawaachi kwa sababu ufugaji haulipi. Wanaacha wiki ya kumi na tano, mshahara ukiwa umegawanyika kati ya ada ya watoto na mifuko ya chakula, na wanauza kuku kwa bei ya nyama wiki chache kabla ya kuanza kupata walichokingojea.

Pikipiki inatatua tatizo la msimamizi kwa namna nyingine. Mtumishi hununua bodaboda na kumkabidhi kijana, na kuna mipango miwili. Wa kwanza ni hesabu: dereva analeta kiasi fulani kila siku, chombo kinabaki cha bosi, matengenezo makubwa ni ya bosi. Dereva wa hesabu hana sababu ya kulinda injini isiyo yake. Oili inabadilishwa kwa kuchelewa, tairi linatumika hadi linang'aa, na siku ya kuua mashine ni siku ya kubadilisha bosi. Wa pili ni mkataba: dereva analeta kiasi kikubwa zaidi kidogo kwa miezi iliyokubaliwa, kisha pikipiki inakuwa yake. Tuseme imenunuliwa shilingi milioni 3, dereva analeta 12,000 kwa siku 26 za mwezi, kwa miezi 14. Jumla inakuwa shilingi 4,368,000. Mwenye fedha amepata karibu milioni 1 na laki 4 juu ya mtaji wake, toa bima na siku zilizopotea, na kwa miezi yote hiyo gharama za matengenezo amebeba dereva, tena kwa moyo, maana anatengeneza chombo chake.

Faida ya mkataba inaonekana ndogo kuliko ya hesabu ikiwekwa kwenye karatasi, kwa kuwa mwishoni bosi habaki na pikipiki. Lakini bosi wa hesabu kwa kawaida naye habaki na pikipiki. Anabaki na chuma chakavu na kesi ya ajali. Vijana wa vijiwe walibuni mkataba bila mshauri yeyote wa biashara, na umejibu swali ambalo wafugaji wengi wa ofisini hawajalijibu: msimamizi analindaje mali asiyokuwa na haki nayo? Wachache wamejaribu mfumo huo bandani, kwa kumpa kijana fungu la kila trei juu ya mshahara wake wa mwezi. Inashangaza kwamba ni wachache.

Kibanda cha uwakala wa fedha za simu kiko katikati ya hayo mawili. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kimekuwa mradi wa kawaida wa mwajiriwa: anaweka floti, anamweka binti wa kukaa, kamisheni inaingia. Ni kazi safi, lakini fedha yote iko mkononi mwa mtu mmoja mchana kutwa, na kosa la tarakimu moja au tapeli mmoja mwenye maneno matamu hula kamisheni ya wiki nyingi.

Kilimo kimewaumiza wengi zaidi, na sababu ni ileile. Shamba la matikiti lililoko Mkuranga, mwenyewe yuko Ilala, habari zinakuja kwa simu. Kijana anasema dawa imeisha, fedha inatumwa. Anasema pampu imeharibika, fedha inatumwa. Mazao ya muda mrefu yanamfaa mwajiriwa kuliko ya miezi mitatu: mparachichi wa Hass uliobebeshwa unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi na hauhitaji mtu wa kuutazama kila asubuhi. Hii ni sababu mojawapo ya watumishi wengi kununua ekari Njombe na Rungwe.

Kisha kuna miradi inayopendwa kwa sababu tu wengine wanaipenda. Mwaka 2013 Kenya ilishikwa na homa ya kware. Mayai yake yalisifiwa kuwa tiba ya karibu kila kitu, bei ikapaa, na watu wa maofisini wakapanga foleni ya vibali vya Shirika la Wanyamapori, kwa kuwa kware alihesabiwa ndege wa porini. Kadiri wafugaji walivyoongezeka ndivyo wanunuzi walivyozidi kuwa wafugaji wapya wanaotafuta mbegu. Walipokwisha kuingia wote, walaji wa kweli wakaonekana kuwa wachache sana, na mwaka 2014 bei ikaporomoka. Homa hiyo ilivuka hadi Tanzania na kuacha vizimba vitupu. Mteja wa mwisho wa kware hakuwahi kuwepo kwa wingi, na hakuna aliyemtafuta kabla ya kununua vifaranga.

Tofauti kati ya homa na utapeli ni nyembamba. DECI, mpango wa upatu wa Tanzania uliovuta watu kwa lugha ya kanisani ya kupanda na kuvuna, ulifungwa mwaka 2009, viongozi wake wakatiwa hatiani mwaka 2013. Mwaka 2020 mahakama ya Kisutu ilishughulikia kesi ya mradi uliokusanya fedha za wananchi kwa ahadi ya kuwafugia kuku na kuwalipa faida nono ndani ya miezi michache. Tazama ahadi hiyo ilivyomlenga mwajiriwa: wewe leta fedha, banda tutaliangalia sisi. Iligusa palepale panapouma, na ndiyo maana waliotoa fedha hawakuwa wajinga. Baadhi yao huenda walikwisha kujaribu kufuga wenyewe wakashindwa kwa kukosa muda.

Njia halali ya kuweka fedha bila kusimamia ipo, ila haina kelele. Hatifungani za Serikali ya Tanzania huuzwa kwa mnada, mtu akianzia shilingi milioni 1, na za muda mrefu hulipa riba kila miezi sita. Mifuko ya UTT AMIS, ule wa Umoja ulioanza mwaka 2005 na mingineyo iliyofuata, hupokea hata laki moja. Kenya ilijaribu kuifikisha hatifungani kwenye simu kwa M-Akiba mwaka 2017, kwa kianzio cha shilingi 3,000 za Kenya. Fedha hizi hazimtajirishi mtu kwa mwaka mmoja, na mwenye laki mbili tu hapati cha kumwonyesha jirani. Lakini hakuna kuku wa kubaki bila maji.

Njia ambayo haihitaji msimamizi kabisa ni kuuza ujuzi wenyewe jioni na wikiendi. Muuguzi wa hospitali ya umma anapiga deiwaka, yaani kibarua cha siku, katika hospitali binafsi. Mhasibu anafunga vitabu vya maduka matatu ya mtaani. Fundi umeme wa kiwanda anafunga nyaya za nyumba Jumapili. Mtaji ni mdogo, hasara ni ndogo, malipo huonekana haraka, na kwa walio wengi hii ndiyo njia bora ya kuanzia, kwa sababu inalipa kile ambacho mtu alikisomea kwa miaka. Mtandaoni uwanja ni mpana zaidi: Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na Nairobi wapo wengi wanaotafsiri, kuandika na kupanga data usiku baada ya kazi. Wengine waliishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, kazi ambayo Uingereza ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka 2022.

Lakini hapa gharama inahamia kwa mtu mwingine, na si haki kuinyamazia. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku akaingia deiwaka ya mchana, kisha akarudi zamu ya usiku, anapima dozi ya mtoto akiwa hajalala kwa saa thelathini. Mwalimu anayelipwa tuisheni na wanafunzi wake mwenyewe ana sababu ya kuiacha mada ngumu ikae hadi saa kumi jioni. Mtoto ambaye mzazi wake hana fedha hiyo anaikosa mada, naye alikuwa na haki nayo saa nne asubuhi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikataza angalau tuisheni ya likizo. Katazo limevukwa mara nyingi, na litaendelea kuvukwa mshahara ukiwa hautoshi, lakini kusudi lake lilikuwa sahihi. Kipimo cha heshima si kigumu: yule anayekulipa pembeni asiwe mtu unayepaswa kumhudumia bure au unayemwamulia jambo ofisini. Mwalimu na afundishe watoto wa shule nyingine.

Mtaji wa miradi hii mara nyingi ni mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwa mfanyakazi, na watumishi wengi wanaishi juu ya theluthi hiyo mwaka mzima. Mkopo wa miaka sita kwa ajili ya kuku wa miezi kumi na minane ni hesabu mbaya tangu mwanzo. Kuku wameshaliwa, makato yanaendelea. Ikifika hapo huingia kausha damu, wakopeshaji wanaoshikilia kadi ya benki na namba ya siri ya mwajiriwa, japokuwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni na kufuata kanuni za Benki Kuu. Kikoba cha ofisini, kilichosajiliwa chini ya sheria hiyohiyo, ni mtaji bora kwa mradi mdogo: mkopo ni mfupi, wanachama wanakujua, na faida ya riba inarudi kwenu mwisho wa mwaka.

Kodi huogopwa kuliko inavyostahili. Tanzania, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato kwa biashara hiyo, na anayezidi hapo akiweka kumbukumbu za mauzo analipa kwa kiwango kidogo cha asilimia. Daftari la mauzo lina faida nyingine kubwa kuliko hiyo: ndilo linalomwonyesha mwenye mradi kuwa utagaji umeshuka siku ya Jumatatu badala ya Jumamosi.

Na daftari lenye haki lingekuwa na safu moja zaidi, ya saa za watu wa nyumbani. Katika kaya nyingi mradi unaitwa wa baba kwa sababu mkopo ulikatwa kwenye mshahara wake, wakati anayeamka saa kumi na moja kujaza maji ni mama, naye mara nyingi ana ajira yake. Baba akiondoa malipo ambayo angempa kijana wa bandani, faida inayojivuniwa huweza kuisha yote. Mradi wa namna hiyo haujazalisha fedha; umechukua kazi ya mke bila kuilipa. Wanaume wanaofuga kwa mafanikio ya kudumu wanalijua hili, na wengi wao wameandika banda kwa jina la wawili na kugawana fedha ya trei kila wiki.

Uhamisho nao una neno lake. Mtumishi wa umma anaweza kupewa barua leo ya kuripoti mkoa mwingine ndani ya siku chache, na banda halipandi basi. Miradi inayovuka uhamisho ni ile yenye msimamizi mwenye sehemu yake ndani: dereva wa mkataba, mdogo mtu mwenye fungu, mke mwenye hati.

Mtihani mkubwa zaidi huja kwenye kustaafu. Tangu Julai 2022 kikokotoo kipya kilipunguza malipo ya mkupuo kwa watumishi wengi wa Serikali kutoka asilimia 50 hadi 33, na mwaka 2024 wakapandishiwa hadi 40. Mstaafu wa miaka 60 ambaye hajawahi kufuga hata kuku kumi hupokea fedha ambayo hajawahi kuishika, na ndani ya wiki chache anazungukwa na washauri wa matikiti, samaki wa bwawani na mabasi madogo. Aliyeanza na kuku 50 akiwa na miaka 40 amekwisha kupoteza kundi moja kwa kideri, amekwisha kufukuza vijana wawili na kumpata wa tatu anayeaminika, na hasara zote hizo zilifidiwa na mshahara wa mwezi uliofuata. Wa kwanza anajifunza hayohayo kwa mafao yote ya maisha, na hakuna tarehe nyingine ya mshahara inayokuja kumfidia.